Madaktari wawili, majibu mawili: mdogo wangu apandikizwe ngozi ya paja au mkono ushonwe kinenani?

Zuhura_K

Wakuu habari zenu, na mlionizidi umri shikamooni.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 26, fundi umeme, alinaswa na umeme mkubwa akiwa kazini. Uliingilia mkono wa kulia ukatokea kwenye unyayo. Mwanzoni hofu yetu ilikuwa moyo na figo, maana mkojo ulitoka wa kahawia iliyokoza. Hayo yamepita salama. Mkono wa chini walimpasua kwa urefu siku ileile, wakasema misuli imevimba na inajibana yenyewe, na huko hakuna shida sasa. Kilichobaki ni mgongo wa kiganja.

Nilikuwepo wakifungua bandeji. Kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na vifundo vya vidole hakuna ngozi. Kandokando kuna nyama nyekundu, safi, inatoa damu ikiguswa. Katikati kuna nyuzi nyeupe zinazong'aa zimelala sambamba, na alipoambiwa anyanyue kidole cha shahada, moja iliteleza mbele ya macho yangu. Ile ya upande wa kidole kidogo haing'ai tena, imekuwa ya njano na inakauka.

Daktari wa kwanza, yule aliyempokea, alituambia kidonda kitasafishwa kisha watachuna ngozi pajani na kuibandika hapo. Tukatia sahihi. Akaingia thieta, wakakata nyama iliyokufa, baadaye wakarudia. Baada ya kurudia akaja bingwa wa upasuaji rekebishi akageuza kila kitu. Anasema ngozi ya paja haitashika. Anataka kuinua kipande cha ngozi pamoja na mafuta yake pembeni ya kinena, akishonee mgongoni mwa kiganja bila kukitenga na mwili, na mkono ubaki umeshonwa hapo kiasi cha wiki tatu ndipo wautenganishe. Mama aliposikia hivyo ilibidi akae chini.

Naomba mawazo yenu. Kwanza, nani kati ya hawa wawili anajua anachofanya? Pili, mimi na yeye ni baba mmoja mama mmoja, hata kundi la damu ni moja. Kwa nini nisitoe ngozi yangu, yeye asiongezewe kidonda kingine? Nilimuuliza mhudumu mmoja akacheka tu, hakunijibu. Tatu, kama kuna aliyewahi kushonwa hivyo, mtu anaishije mkono ukiwa umegandishwa kwenye kinena?

Kigongo

Pole sana dada. Ushauri wangu, msikubali kisu kingine. Mimi niliungua muundi nikiwa kijana, kidonda kikubwa kuliko kiganja, wakataka kunichuna ngozi nikagoma. Kikajifunga chenyewe. Kilichukua muda, lakini kilifunga na leo natembea. Hufunguka kidogo kikigongwa, natia dawa, kinafunga tena. Mwili unajua kujitibu. Hawa mabingwa wa kurekebisha kila wakiona kidonda wanaona kazi.

Nesi Mstaafu

Zuhura, marahaba mdogo wangu, na poleni nyote, hasa mama. Nimestaafu kutoka wodi ya walioungua, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha nimeinama juu ya vidonda vya namna hiyo. Umekieleza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha, na jibu lako limo humohumo katika maelezo yako.

Madaktari wote wawili wanajua wanachofanya. Tatizo ni kwamba hawakutazama kidonda kimoja. Umeme hupita ndani, unaua misuli na mishipa midogo ya damu chini ya ngozi inayoonekana nzima, na mipaka ya kilichokufa haijulikani siku ya kwanza. Inajitokeza kwa siku kadhaa, ndiyo maana mgonjwa anarudishwa thieta kusafishwa tena. Yule wa kwanza alisema alichokiona kabla nyama iliyokufa haijaondolewa. Wa pili ameona kilichobaki chini yake, na kilichobaki ni kano zilizo uchi, zile nyuzi nyeupe ulizoziona.

Swali la kuuliza mbele ya kila kidonda kigumu ni moja: chini yake kuna nini leo? Watu huuliza ukubwa wake, au kitachukua muda gani. Kidonda kikubwa cha mgongo mzima chenye nyama nyekundu ni rahisi kufunika kuliko cha upana wa vidole viwili chenye mfupa katikati.

Ngozi inayochunwa pajani ni nyembamba mno, robo ya milimita hivi au zaidi kidogo. Ikishatoka pajani haina damu yake. Siku mbili za mwanzo inaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Baada ya hapo mishipa midogo ya kidonda na ya ngozi hiyo inaanza kuunganika, na kufikia siku ya tano mwenye jicho anajua kama imeshika. Nilikuwa nalowesha shashi kwa maji ya chumvi ya hospitali, nangoja ilegee, halafu naiinua kidogo kidogo kuanzia pembeni, huku kidole cha mkono wa pili kimekandamiza ngozi isije ikafuata shashi. Ukikuta rangi ya waridi na ngozi haitelezi, umepona. Ukikuta damu imeganda chini yake, hata ya ukubwa wa ukucha, basi eneo hilo limekufa, kwa kuwa ngozi haikugusana na kidonda. Mgonjwa akigeuka vibaya usiku, ngozi ikateleza, matokeo ni hayohayo. Bakteria wa jamii ya streptokoka ndio wabaya zaidi: wanayeyusha ngozi yote kati ya kubadilisha bandeji mara moja na nyingine.

Sasa, hayo yote yanataka sakafu yenye damu. Nyama nyekundu inayo, msuli ulio hai unao. Kano imevikwa utando mwembamba sana, na utando huo ukiwa hai ngozi ya paja inaweza kushika juu yake. Nadhani ndicho alichokitarajia daktari wa kwanza. Kano iliyovuliwa utando haina damu ya kumpa mtu. Mfupa uliovuliwa utando wake vilevile, na gegedu la sikio vilevile. Hiyo ya njano uliyoiona imeshakauka. Zikiachwa wazi nyingine zitaifuata moja baada ya nyingine, na kano ikifa ikakatika, kidole chake hakinyanyuki.

Ndipo inapoingia flapu, yaani kipande cha ngozi na mafuta kinachohamishwa kikiwa bado na mshipa wake wa damu. Hakiombi chochote kwa kidonda. Kinakuja kimejitosheleza, kinaweza kulala juu ya kano, juu ya mfupa, hata juu ya chuma cha kuunga mfupa. Hiyo ya kinenani ilielezwa na McGregor na Jackson mwaka 1972, na imebaki kazini hadi leo kwa sababu mshipa wake haupotei na haihitaji hadubini. Wakati mkono umeshonwa pale, flapu inakula damu ya kinenani. Taratibu mishipa inaota kutoka kwenye kingo za kidonda kuingia ndani yake, na baada ya wiki tatu hivi flapu inaweza kuishi kwa damu ya mkono peke yake. Hapo shingo ya flapu, yaani sehemu inayoiunganisha na kinena, inakatwa. Kuna faida nyingine ambayo familia hazielezwi: chini ya flapu kuna mafuta, kano zinateleza. Chini ya ngozi nyembamba hunata. Na kama ile iliyokufa itahitaji kuungwa kwa kano ya kuazima kutoka sehemu nyingine, bingwa atafungua flapu, afanye kazi yake, afunge. Ngozi nyembamba hairuhusu mchezo huo.

Mnaweza kumuuliza kama kuna uwezekano wa flapu ya kuhamishwa moja kwa moja, inayotolewa kwa mfano upande wa nje wa paja, ikatengwa kabisa na mshipa wake ukaungwa na wa mkononi. Huo ni upasuaji wa saa nyingi chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na mgonjwa anaangaliwa kila saa siku za mwanzo, maana mshipa ukiziba muda wa kuokoa ni mfupi. Kwa aliyepigwa na umeme kuna kikwazo: mishipa ya karibu na kidonda inaweza kuwa imeungua kwa ndani, na kuunga bomba zima kwenye bomba bovu ni kazi bure. Bingwa akisema kinena ndiyo njia salama kwake, msidhani amewachagulia ya kimaskini.

Kuhusu ngozi yako. Nisamehe kwa huyo aliyecheka, swali lako si la kuchekwa. Limewahi kujibiwa kwa mgonjwa halisi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Glasgow, Thomas Gibson na Peter Medawar walimpandikizia mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi kutoka kwa kaka yake wa damu. Vilishika, vikaonekana vizima, halafu vikaharibika. Wakampandikizia tena vya kaka yuleyule, safari hii vikaharibika upesi zaidi. Mwili ulikuwa umeshamjua mgeni. Walichapisha habari hiyo mwaka 1943, na uchunguzi wa Medawar ulioanzia hapo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kundi la damu halisaidii kitu hapa. Ngozi ya mtu mwingine inadumu kwa pacha wa kufanana tu. Kwa wengine wote hutumika kufunika kwa muda, hasa aliyeungua sehemu kubwa ya mwili akakosa pa kuchunwa. Wewe ukitaka kumpa kitu, kuna kazi ya kutosha nitakayokutajia.

Na mwambie mama kwamba jambo hili limeanza zamani. Mwaka 1917 Harold Gillies, pale Sidcup, Uingereza, alikuwa akiwajengea uso mabaharia walioungua kwenye mapigano ya Jutland kwa ngozi ya kifuani iliyobaki imeunganishwa na mwili hadi ipate damu ya usoni.

Bwana Kigongo, na wewe nitakurudia. Usiondoke.

Kushoto Kulia

Niliyeshonwa ni mimi hapa. Flapu ya kinena, mkono wa kushoto, mashine ya kiwandani ilinivua ngozi ya mgongo wa kiganja yote. Sikuungua, lakini shimo lilikuwa lilelile.

Zuhura, kidonda chenyewe hakiumi sana baada ya siku chache. Kinachoumiza ni bega na mgongo. Unalala chali, mto chini ya kiwiko, mwingine chini ya goti, na unajifunza kusinzia bila kugeuka. Usiku wa kwanza walinifunga mkono kiunoni kwa plasta pana, na nikamlaani aliyebuni plasta hizo. Asubuhi nilielewa. Nikiwa usingizini nilikuwa nimejaribu kujikuna pua kwa mkono huohuo.

Jasho ni adui. Pale mkono unapokutana na mwili pana mkunjo usiopata hewa, na pakiachwa pananuka hadi mgonjwa anajionea haya. Dada yangu alikuwa anapapangusa kwa maji ya vuguvugu, anapakausha kabisa, anapachomeka shashi kavu. Angalieni rangi ya flapu na joto lake. Ikipauka na kupoa, au ikiwa ya zambarau na kuvimba, mwite nesi saa hiyohiyo, usingoje zamu ibadilike. Yangu ilianza kuwa ya zambarau alasiri moja kwa sababu nilikuwa nimeketi vibaya na shingo yake imejikunja. Waliniweka sawa tu, ikarudi.

Nguo: mashati ya vifungo mbele, makubwa, mkono mmoja unaingia, wa pili unabaki ndani. Chini, kaptura pana ya kufunga kwa kamba. Msihangaike na suruali. Kujisaidia kwa mkono mmoja, na ule usiouzoea, kunafundishika. Mleteeni ndugu wa kiume wa kumsaidia siku za mwanzo, atajisikia vizuri zaidi.

Kabla ya kukata walikuwa wanabana shingo ya flapu kwa mpira kwa muda, wanaangalia rangi, wanaachia. Kila mara muda unaongezwa. Siku ya kukatwa nilidhani nitafurahi, kumbe bega lilikuwa limekakamaa na kunyoosha kiwiko niliona nyota.

Na aelezwe mapema kwamba mwanzoni mkono hautapendeza. Wangu ulionekana nimefungia mto mdogo juu ya kiganja. Baada ya miezi walipunguza mafuta, na sasa glavu inaingia. Nywele za kinenani zimehamia mkononi, nanyoa. Nikinenepa mkono nao unanenepa, kwa sababu yale mafuta bado yanajiona yako kiunoni. Pia hapo juu sihisi vizuri. Nimewahi kuegemeza mkono kwenye bomba la moto nikashtuliwa na mwenzangu. Kwa fundi umeme hilo alijue kabla hajarudi kazini.

Zuhura_K

Jamani sina cha kuwalipa. Nimemsomea mama yote, na ile ya nywele kuhamia mkononi imemchekesha kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mgonjwa mwenyewe amesoma kwa simu yake, anamuuliza Kushoto Kulia kama ngumi inakunjika.

Nimemuuliza bingwa lile swali la chini ya kidonda kuna nini. Alinitazama kidogo, akavuta kiti, akanieleza kwa kuchora. Amesema kano tatu bado hai, moja ameipoteza, na hataki kungoja zaidi ya siku chache. Flapu ya hadubini amesema hapana, kwa sababu hiyohiyo ya mishipa. Pia ngozi ya paja itachunwa vilevile, ya kufunika pale mkono wa chini ulipopasuliwa. Tumekubali.

Mama Nesi, ulisema kuna kazi ya kufanya. Nitajie. Na jambo jingine naliuliza kwa sauti ndogo: anavuta sigara. Anazipata humohumo wodini, sijui kwa nani.

Kushoto Kulia

Ngumi inakunjika, siyo kamili. Nyundo nashika, sindano inanisumbua.

Nesi Mstaafu

Sigara kwanza. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na flapu haina kitu kingine cha kutegemea zaidi ya mishipa hiyo. Nimeona ncha ya flapu nzuri ikigeuka nyeusi kwa kijana aliyekuwa akitoroka kwenda kuvuta chooni. Zimwe leo, siyo siku ya upasuaji, na asikae na wanaovuta. Mwambieni bingwa ukweli, asije akapanga kipande kirefu kwa kudhani damu itafika mwisho. Hamumsengenyi kijana kwa kusema hivyo.

Kazi yenu ni vidole. Mkono ulioungua unatafuta mkao wa starehe, na mkao huo ndio unaouharibu: kifundo kinainama, vifundo vya vidole vinanyooka, vidole vinajikunja, gumba linakimbilia ndani. Ukiachwa hivyo unagandia hapo. Banzi, yaani kifaa kigumu kinachofungwa kuushikilia mkono, linauweka kinyume: kifundo kimeinuliwa kidogo, vidole vimekunjwa kwenye shina karibu na pembe mraba, vimenyooka mbele, gumba liko mbali. Kwenye flapu ya kinena si kila mkao utawezekana, kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia na bingwa wakubaliane kabla ya thieta ni vidole gani vitasogezwa, tangu siku gani, kwa kiasi gani. Kano zilizo hai zinalindwa, viungo visivyohusika vinachezeshwa tangu mapema. Bega na kiwiko visogezwe kadiri mshono unavyoruhusu. Kushoto Kulia ameona nyota kwa sababu ya bega, na bega halikuwa na kidonda.

Paja litakalochunwa litamuuma kuliko mkono, msishtuke. Pale neva za juu zimeachwa wazi. Hupona lenyewe, kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne, mradi bandeji yake haibanduliwi kwa nguvu. Ikiwa imegandia na ni kavu, iacheni. Itaachia yenyewe.

Chakula kiwe na protini kwa wingi. Kidonda kinajenga, na matofali yake yanatoka hapo. Asiyekula ngozi yake haishiki hata bingwa awe nani, na nimekuwa nikiwaambia ndugu hivyo tangu nikiwa binti: sahani ikirudi imejaa, niambieni mimi, msimfichie mgonjwa.

Baadaye, kwenye mkono wa chini palipopandikizwa ngozi, kovu litaanza kuwa gumu, jekundu, linawasha usiku. Atapimiwa mkono wa nguo ya kubana, unaovaliwa saa 23 kwa siku na kuvuliwa wakati wa kuoga na kupaka mafuta. Uvaliwe hadi kovu lilainike na wekundu uondoke, jambo linalochukua mwaka na zaidi. Ukilegea apimiwe mwingine, nguo iliyopwaya ni pambo tu. Muwasho una dawa, asijikune kimyakimya hadi achubue. Jua lisipige ngozi mpya moja kwa moja, itabaki na rangi ya mabaka.

Haya, Bwana Kigongo. Nimesoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Kidonda chako kilijifunga, sikatai. Kilijifunga kwa kingo kuvutana, na kwenye muundi kuna nafasi ya kuvutana bila kuharibu kiungo. Mgongoni mwa kiganja kingevuta vidole nyuma hadi visikunjike. Kwa hiyo mfano wako hauingii kwa kijana huyu. Ila kilichonikaza macho ni kwamba kovu la ujanani bado linafunguka. Linafunguka mahali palepale? Mara ya mwisho limechukua muda gani kufunga? Kingo zake zimeinuka? Linanuka, au linatoa damu bila kugongwa?

Kigongo

Palepale, kwa chini kidogo. Safari hii halijafunga tangu kabla ya mvua. Ukingo mmoja umenyanyuka, nilidhani ni nyama nzuri inaota. Harufu ipo. Dada Zuhura nisamehe kwa kujaza uzi wako.

Nesi Mstaafu

Nyama nzuri haipandi juu ya ukingo wa ngozi. Kovu la moto linalofunguka na kufunga kwa miaka mingi linaweza kugeuka saratani ya ngozi. Wanaita kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeandika kuhusu vidonda hivyo vya makovu mwaka 1828. Kwa kawaida hujitokeza miongo kadhaa baada ya kuungua, karibu miaka 30 kwa wastani, ndiyo maana mtu anakuwa ameshasahau kabisa kuhusisha. Sisemi unacho. Nasema hakuna nesi wala daktari anayeweza kukwambia huna kwa kukitazama tu.

Nenda kwenye kliniki ya upasuaji ukaombe kipande kipimwe. Wakukague na tezi za kinena upande wa mguu huo. Ile dawa unayotia iache nyumbani, usikipake kabla ya kwenda, waone kilivyo.

Kigongo

Wanakata kiasi gani? Na nikishapimwa si ndiyo watasema wakate mguu.

Nesi Mstaafu

Vipande vidogo, kwa sindano ya ganzi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakikisha wanachukua ukingoni, pale paliponyanyuka, na sehemu zaidi ya moja, maana cha katikati peke yake kinaweza kuwa nyama iliyooza tu na majibu yakatoka safi kwa uongo. Majibu yakiwa safi, bado kovu hilo bovu liondolewe lote na ngozi nzima iwekwe, vinginevyo utaendelea kulifunga bandeji hadi uzeeni. Yakiwa mabaya na yamewahiwa, mara nyingi wanakata kovu lenyewe na kingo pana za ngozi nzima kulizunguka, halafu wanafunika. Mguu hukatwa uovu ukishaingia kwenye mfupa au kiungo, au pale ambapo hakuna namna ya kuutoa wote. Huko hufiki kwa kupimwa. Unafika kwa kungoja.

Kigongo

Jumatatu kliniki ipo. Naenda na mke wangu, amesoma hapa na hanipi nafasi ya kusema.

Zuhura_K

Usinisamehe chochote Kigongo, uzi ni wa wote. Ukipata majibu tuandikie hapahapa. Sisi thieta ni Alhamisi asubuhi. Sigara amezikabidhi, pamoja na jina la anayemletea.